Somo la 14: Kapi na Daraja la Kuinuliwa

Mwaka 1871 watu wa Duluth, Marekani, walichimba mfereji ili meli za Ziwa Superior ziingie bandarini. Mfereji huo uliwatenga na mji wakazi wa rasi ya Minnesota Point. Daraja la chini lingewavusha, lakini lingezuia meli. Je, wafanyeje?

Mwaka 1905 lilijengwa daraja lenye chombo cha kuning'inia kilichovusha watu. Mwaka 1930 liligeuzwa kuwa daraja la kuinuliwa, nalo linatumika hata leo.

Sehemu inayoinuliwa ina uzito wa tani 900 hivi. Kila upande una mnara wenye kapi, kamba za chuma na bonge la zege la tani 450 hivi. Daraja lipandapo, mabonge hushuka. Kwa kuwa uzito unalingana, mota za umeme haziubebi wote. Kazi yake kubwa ni kushinda msuguano.

Jaribio: Pitisha kamba juu ya kapi. Funga jiwe ncha moja, kisha vuta ncha ya pili. Sasa ifunge jiwe la uzito ule ule, uvute tena.

Maswali
1. Ni mara ipi ulitumia nguvu kidogo? Kwa nini?
2. Bonge moja likiondolewa, mota zitapata taabu gani?