Chimbuko la Neno "Boda Boda"

Katika mijadala ya chama chetu hakuna neno lililoleta ubishi kama hili. Ukiliandika kwenye insha unachorewa mstari mwekundu, ati ni la mitaani. Mimi nasema ni Kiswahili, tena cha hapa kwetu Busia.

Wazee husimulia kwamba katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya forodha ya Kenya na ile ya Uganda palikuwa na kipande cha barabara ambacho msafiri alikitembea kwa miguu, mzigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki hapo. Wakawa wanaita abiria, "Boda! Boda!", yaani panda nikufikishe ng'ambo ya mpaka. Asili yake ni "border" la Kiingereza, na mwisho wake umegeuka a kama vile "driver" alivyogeuka dereva.

Sasa tazama vitenzi, maana hapo ndipo pana utamu. Vijana wale walikuwa wakivusha watu. Vuka huzaa vusha, kama amka na amsha, waka na washa. Lakini kwa boda hatukuunda kitenzi. Hatusemi "nibode"! Tunasema kupanda boda, kuita boda, kuendesha boda. Jina ni la kuazima, kazi inafanywa na vitenzi vyetu wenyewe. Kusafiri si hivyo: kilitoka Kiarabu kikiwa kitenzi, na ile i ya mwisho bado inakitambulisha kuwa mgeni.

Wanaolikataa boda boda kwa sababu ya Kiingereza, hebu wafike forodhani. "Forodha" ni Kiarabu. "Ushuru" pia, kutokana na neno la sehemu moja ya kumi. Nani amewahi kunyimwa alama kwa kuandika ushuru? Kilicho chetu pale ni kutoza, kutoka kutoa, kama poa na poza.

Pikipiki zilipochukua nafasi ya baiskeli neno lilibaki. Leo liko Nairobi, Kampala, Juba na Dar es Salaam, hata mtu asipovuka mpaka wowote.

Ngeli ndiyo inayosumbua. Chombo ni "boda boda hii", mwendeshaji ni "boda boda huyu". Pale Malaba utasikia zote mbili kwa pumzi moja: "Usipande, boda boda huyu boda boda yake haina breki!"