Mmea wa Milia kwa Bustani ya Kivulini

Chini ya miti mikubwa nyasi hazistawi. Kivuli huzinyima mwanga, na mvua ya masika ikija, udongo ulio wazi huchukuliwa na maji, mizizi ya miti ikabaki nje. Nyumbani kwetu chini ya mparachichi hali ilikuwa hiyo hiyo, mpaka mimi na mama tulipopanda klorofitamu. Mmea huo ndio somo langu.

Klorofitamu ni mmea wa kudumu, haupandwi kila mwaka, na asili yake ni Afrika. Majani yake ni marefu na membamba, yenye mlia mweupe katikati na kijani kandokando. Aina nyingine ina weupe kandokando na kijani katikati. Kwa Kiingereza jina lake la kawaida hupewa pia mgagani, ile mboga chungu tunayolia ugali, kwa hivyo msije mkautia sufuriani!

Sasa, kwa nini uwe na milia? Sehemu nyeupe haina klorofili. Kumbukeni jaribio la bayolojia: jani la rangi mbili huchemshwa, likatolewa rangi kwa spiriti, kisha likatiwa ayodini. Sehemu iliyokuwa ya kijani hugeuka buluu iliyokoza kwa sababu ina wanga. Ile nyeupe haigeuki. Yaani sehemu ya kijani peke yake ndiyo inayolisha jani zima. Basi mmea huu unataka kivuli, si giza. Jua kali la mchana huunguza majani, nako gizani mmea hudhoofika. Mahali pake ni chini ya mti unaopenyeza mwanga kidogo.

Kuupanda si gharama. Mmea hutoa vikonyo virefu vyenye miche midogo nchani. Sisi tuliomba kwa jirani. Chukua mche wenye vijizizi, wala usitumie mbegu, kwani mbegu huweza kutoa mimea isiyo na milia. Chimba shimo dogo bila kukata mizizi mikubwa ya mti, tia samadi iliyooza, na uache sentimita 30 kati ya mche na mche. Mwagilia hadi ushike. Baadaye punguza maji, maana mizizi yake minene huyahifadhi, na ukizidisha itaoza. Ukiona chipukizi la kijani kitupu, ling'oe mapema. Hilo lina chakula kingi kuliko wenzake, litawafunika.

Ndugu zangu, tazameni miti iliyo nyuma ya madarasa yetu. Mizizi iko nje, na kila mvua udongo unateremka mtaroni. Mimi niko tayari kuleta miche, chama kitafute jembe na samadi tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.