Simu yako mpya inaweza kukusemea ukiwa umezirai

Ukishanunua simu mpya ya kisasa pale Luthuli Avenue au kwingineko, najua utakachofanya jioni hiyo. Utajaribu kamera, utawapiga watoto picha wakiwa wamekaa kochini, utabadilisha mlio, na utakesha ukipekuapekua hadi betri iishe. Sikulaumu, nami nilifanya hivyo hivyo. Lakini nakuomba dakika kumi nikuonyeshe sehemu moja ambayo wauzaji aghalabu hawaitaji, ilhali kwangu mimi daktari ndiyo inayostahili bei yote uliyolipa.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu mama mmoja wa umri wa miaka arobaini hivi, aliyegongwa na boda boda akivuka barabara. Kichwani alikuwa na jeraha dogo tu. Alifika akijibu maswali kwa shida, na baada ya muda akawa hasemi tena. Kitambulisho hakuwa nacho. Simu alikuwa nayo, mpya kabisa, bado ina karatasi ya plastiki juu ya kioo, nayo imefungwa kwa nambari ya siri. Tulipima sukari, tukapima shinikizo la damu, tukashona jeraha, lakini damu ilikataa kukoma. Karibu saa mbili baadaye simu ile ililia. Muuguzi aliipokea, kumbe ni bintiye, na kwa swali la pili tu tukajua kwamba mama huyo aliwahi kubadilishwa vali ya moyo na kila siku humeza warfarin, dawa inayozuia damu kuganda.

Mtu anayetumia dawa hiyo akigongwa kichwani, hata kidogo, anaweza kuvuja damu polepole ndani ya fuvu. Tulimdunga vitamini K na kumkimbiza katika hospitali kubwa. Alipona, ingawa mkono wake wa kushoto ulibaki dhaifu. Siwezi kuapa kwamba ni zile saa mbili zilizomletea udhaifu huo, lakini nimezifikiria mara nyingi.

Karibu kila simu ya kisasa ina mahali pa kuandika habari za afya ambazo mtu mwingine anaweza kuzisoma bila kujua nambari yako ya siri. Katika simu za Android, fungua mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha utafute neno Emergency. Humo utakuta nafasi ya kujaza maelezo ya matibabu na majina ya watu wa kupigiwa. Katika iPhone, fungua programu ya Health, bofya picha yako pembeni, uingie Medical ID, na uhakikishe umeruhusu habari hizo zionekane simu ikiwa imefungwa. Kisha ifunge, mpe jirani, mwambie abofye neno Emergency kwenye kioo. Asipoziona habari zako, hata muuguzi hataziona.

Je, uandike nini? Andika maradhi ya kudumu kama vile kisukari, kifafa, pumu na maradhi ya moyo. Andika dawa kwa majina yaliyo kwenye pakiti, sio "dawa ya presha" tu, maana dawa za presha ni nyingi. Kisha uandike dawa zinazokudhuru, na hapa sitanii. Kuna watu ambao wakimeza dawa za jamii ya salfa, mathalani Septrin, ngozi hutoka malengelenge na kuchunika, hata ndani ya mdomo. Mtu wa namna hiyo akipewa tena dawa hiyo anaweza kufa. Penisilini nayo ina watu wake. Kundi la damu waweza kuliandika, ila usidhani tutakuongeza damu kwa kuiamini simu; maabara ni lazima ipime upya.

Katika majina ya watu wa kupigiwa, wengi huandika mume au mke pekee. Ongeza mtu mwingine ambaye hamsafiri naye katika gari moja. Kumbuka pia kwamba yeyote atakayeokota simu hiyo atasoma uliyoandika, kwa hivyo pima mwenyewe ni siri gani hutaki ionekane.

Sasa kamera ile unayoipenda. Ipige picha kila pakiti ya dawa unayotumia. Nimechoka kuambiwa "ni vidonge vyeupe, vya mviringo", kwani nusu ya duka la dawa ni vidonge vyeupe vya mviringo. Na mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na aliyesimama kando arekodi video. Mimi hufika kifafa kikiwa kimeisha. Video hunionyesha nilichokikosa.

Kengele ya simu nayo ni muuguzi mzuri. Chukua dawa ya malaria ya artemether na lumefantrine. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne papo hapo, vinne baada ya muda wa saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa. Siku ya pili homa hushuka, na mgonjwa huvisahau vilivyobaki kabatini. Tega kengele zote sita siku ile ile unayopewa dawa.

Jihadhari, hata hivyo, na programu zinazodai kupima shinikizo la damu kwa kuweka kidole juu ya kamera. Mwangaza unaopita kidoleni unaweza kuhesabu mapigo ya moyo, lakini mtu wa presha asibadilishe dawa kwa sababu ya hesabu za kidole. Atumie mashine ya kufungwa mkononi. Kuhusu sukari, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Februari 2024 dhidi ya saa na pete zinazodai kuipima bila kutoboa ngozi.

Macho yakiwasha, ni kwa sababu tukikodolea kioo hatupepesi kope inavyotakiwa. Kila dakika 20 tazama mbali kidogo. Usiku, simu ilale chumba kingine.

Na kama umemnunulia mzazi kijijini, usimwachie kazi ya kujaza. Kaa naye, mwongezee ukubwa wa maandishi, umwombe alete mfuko wake wa dawa mnakili pamoja. Mara kwa mara utakuta humo dawa ile ile yenye majina mawili, moja ya kliniki na nyingine ya duka. Asiache yoyote kwa kukisia. Mzipeleke zote kwa daktari wake kwanza, kisha mjaze simu.