SOMO LA ROBO HII: MGONGO WA MTOTO UWAHI UNGALI LAINI



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alituletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mgongo umepinda upande. Tulimwambia, "Usijali mama, atanyooka akikua." Aliporudi, mtoto alikuwa na miaka minne na mbavu za upande mmoja zimetokeza. Kosa lilikuwa letu. Ndiyo maana tunaleta somo hili.

Kwa nini tuwahi?

Mtoto hukua haraka sana katika miaka ya mwanzo. Mgongo uliopinda ukizidi kukua hivyo hivyo, hupinda zaidi, kifua hubanwa na mapafu hukosa nafasi. Lakini ukishikiliwa umenyooka, ukuaji huo huo huwa dawa.

Dkt. Min Mehta, daktari wa mifupa nchini Uingereza, alieleza hayo mwaka 2005 baada ya kuwafuatilia watoto 136. Watoto 94 walioanza kutibiwa mapema, kwa wastani wakiwa na miezi 19, migongo yao ilinyooka. Wengine 42 walichelewa, wastani wao ukiwa miezi 30. Hao walipata nafuu tu, na 15 kati yao walifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo. Tofauti ni miezi 11 tu!

Matibabu yakoje?

Kupinda kwingine hunyooka kwenyewe, lakini anayeweza kutambua ni daktari kwa kupima picha ya eksirei, siyo sisi kwa macho. Kukiwa kunazidi, mtoto hupewa dawa ya usingizi, hunyooshwa taratibu na kufungwa plasta ngumu kiwiliwili. Plasta hubadilishwa kila baada ya miezi michache, na kazi hiyo huweza kuchukua mwaka au zaidi.

Tahadhari: nundu inayotokeza nyuma, pamoja na homa, kukonda au maumivu ya mgongo, huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Dawa zake hutolewa bure hapa Tanzania. Miguu ikianza kulegea, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wajibu wetu

Wazazi wamtazame mtoto wakati wa kumwogesha: je, bega moja liko juu? Mbavu zimetokeza upande mmoja? Anaegemea upande ule ule kila akikaa? Wakiona hivyo, kamati imsaidie kupata rufaa bila kungoja. Kwa wafadhili wetu: kila plasta ni safari, na familia nyingi hukatiza matibabu kwa kukosa nauli na mahali pa kulala. Hapo ndipo mchango wenu unapomnyoosha mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Katika jumuiya zetu, ni mtoto gani anayefichwa ndani kwa aibu?
2. Mfuko wa diakonia wa usharika unaweza kulipa nauli za safari ngapi?

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.