Dondoo muhimu: Wikiendi ya usiku Barcelona

Msiwe na haraka. Hapa chakula cha usiku huliwa saa tatu au saa nne, na kumbi za dansi hazichangamki kabla ya saa nane. Laleni kidogo alasiri, kisha mle mshibe: agizeni tapas, yaani visahani vidogo vya vyakula mbalimbali, mgawane, na patatas bravas, vile viazi vya kukaanga vinavyoletwa vikiwa vya moto na mchuzi wa pilipili juu yake, visikosekane mezani.

Usafiri ndio wa kupanga mapema. Ijumaa metro hufungwa saa nane usiku, Jumamosi hukesha. Ikishafungwa kuna mabasi ya usiku, Nitbus, na mengi hupitia Plaça de Catalunya.

Simu isikae mfuko wa nyuma wala juu ya meza ya nje, hasa kwenye barabara ya La Rambla na ufukweni Barceloneta. Wezi wa huko wana mikono myepesi mno. Bia za wachuuzi wa mchangani ziacheni, na kunywa pombe barabarani kuna faini. Mkishakunywa, tafadhali sana, msiingie baharini usiku.

Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba hakuna atakayerudi peke yake. Kwa dharura, pigeni 112.