Kwa Nini Katriji ya Wino Huvuja? Somo la Kanieneo kutoka Musoma

Katika ziara moja ya shule za sekondari mkoani Mara, nilifika shule iliyokuwa ikijiandaa kwa mitihani ya muhula. Katriji ya printa ilikuwa imejazwa upya Dar es Salaam, ikafungwa kwa utepe wa gundi kila upande, kisha ikasafirishwa kwa basi. Mwalimu alipoubandua utepe mjini Bunda, wino ulimrukia mikononi na kuenea juu ya karatasi za maswali zilizokwisha chapishwa. Katika swali moja la hesabu, alama ya kutoa ilizama ndani ya doa. Aliyeijaza alilaumiwa kwamba alitia wino mwingi mno. Yumkini hakuwa na kosa hilo. Mkosaji alikuwa hewa.

Makala haya yanaeleza kwa nini katriji huvuja, na jinsi ya kuijaza nyumbani au shuleni pasipo kuchafua meza. Yanahusu zile katriji ambazo vitundu vya kurushia wino vimo katika katriji yenyewe, na ambazo ndani zina sifongo.

Jinsi katriji inavyofanya kazi

Mwaka 1977, nchini Japani, Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon, aliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa sindano ya bomba lenye wino. Papo hapo wino ukaruka kutoka katika ncha ya sindano. Joto lilikuwa limezaa povu la mvuke, na povu likausukuma wino nje. Printa nyingi za leo hutumia njia hiyo hiyo: nyuma ya kila kitundu kuna kipande kidogo mno kinachopashwa joto kwa umeme. Wino unaopita ndio unaokipoza. Kwa hiyo katriji isitumiwe hadi ikauke kabisa, kwani kitaungua.

Lakini printa isipofanya kazi, ni nini kinachozuia wino usidondoke? Mambo mawili. Kwanza, matundu madogo ya sifongo huuvuta wino na kuushikilia, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Pili, katika kila kitundu uso wa wino hujikunja na kujikaza kama ngozi ya ngoma. Chukua kitundu chenye kipenyo cha mikromita 20, na wino wenye mvutano wa uso wa newtoni 0.035 kwa meta. Kanieneo ambayo uso huo unaweza kuistahimili ni mara mbili ya mvutano huo, ikigawanywa kwa nusu kipenyo:

2 × 0.035 ÷ 0.00001 = paskali 7,000.

Safu ya wino yenye kimo cha sentimeta 4 hukandamiza kwa paskali 400 hivi tu. Basi uzito wa wino peke yake hauwezi kuvunja mlango huo.

Hewa iliyofungiwa

Sasa tutazame safari ya ile katriji. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Musoma iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ni karibu kilopaskali 88. Bunda na Butiama ziko juu zaidi ya ziwa, na njia ya Singida hupanda juu kuliko Musoma.

Hewa iliyofungiwa Dar es Salaam hufika Musoma ikiwa bado inasukuma kwa nguvu za pwani. Tofauti ni kilopaskali 13, yaani paskali 13,000: karibu mara mbili ya kile ambacho vitundu vyetu vinaweza kustahimili. Utepe ukibanduliwa chini, wino hauna budi kutoka. Ni kiasi gani? Kwa kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662, halijoto isipobadilika, kanieneo mara ujazo haibadiliki. Kama hewa ilikuwa mililita 10:

101 × 10 = 88 × V; V = mililita 11.5 hivi.

Mililita 1.5 za wino zitasukumwa nje. Hizo zatosha kuharibu karatasi nyingi.

Kwa hiyo usisafirishe katriji iliyojazwa. Safirisha wino katika chupa, ujaze huko huko uendako. Ikilazimu kusafirisha katriji, ukifika isimamishe vitundu vikiwa chini, ufungue kwanza tundu la kupumulia lililo juu, usubiri, ndipo ubandue utepe wa chini.

Hatua za kujaza

1. Pima katriji kwa mizani ya maabara ikiwa mpya, na tena ikikaribia kwisha. Gramu moja ya wino ni karibu mililita moja. Tofauti ya uzito ndiyo kiasi cha kutia; usizidishe. Sifongo iliyoshiba kabisa haina tena nguvu ya kuvuta, na wino hudondoka wenyewe.

2. Tandaza magazeti, vaa glavu, na uweke katriji juu ya karatasi laini iliyokunjwa, vitundu vikielekea chini.

3. Tumia bomba la sindano jipya kwa kila rangi. Elekeza sindano juu, uligonge bomba kwa kidole, utoe hewa yote kama afanyavyo muuguzi. Hakikisha wino ni wa aina inayofaa katriji hiyo: wino wa chembe na wino wa rangi iliyoyeyuka visichanganywe, kwani vinaweza kuziba vitundu.

4. Ingiza sindano hadi katikati ya sifongo, usukume polepole, mililita moja kwa dakika. Ukiharakisha, utafungia mifuko ya hewa ndani. Wino ukipanda hadi tundu la juu, acha, uvute kidogo urudi.

5. Usizibe tundu la kupumulia.

6. Gusisha vitundu kwenye karatasi laini bila kusugua. Mstari mwembamba ni dalili njema. Doa likiendelea kupanuka, wino umezidi: vuta kidogo kwa bomba.

Wino ukigusa ngozi, osha kwa sabuni mapema. Funika sindano kabla ya kuitupa, na mabaki yasimwagwe ziwani.

Jaribio la darasani

Jaza maji theluthi mbili ya chupa ndogo ya kioo. Funga mdomo wake kwa kitambaa cha shashi kilichokazwa vizuri, kisha uipindue. Matone machache yatatoka, halafu maji yatatulia. Sasa zungushia sehemu ya juu ya chupa, penye hewa, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Maji yataanza kudondoka tena, ingawa hakuna aliyeongeza hata tone. Rudia kwa chupa iliyojaa karibu yote, ulinganishe idadi ya matone.

Maswali

1. Mililita 10 za hewa zimepashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 35 za Selsiasi, kanieneo ikibaki ile ile. Ujazo utaongezeka kwa kiasi gani? (Kumbuka kuongeza 273.) Je, ni joto au ni mwinuko wa Musoma unaotishia zaidi katriji yetu?

2. Katriji iliyojazwa na kufungwa Musoma imepelekwa Dar es Salaam. Utepe wa chini ukibanduliwa, wino utatoka, au hewa itaingia? Karatasi ya kwanza itaonekanaje?

3. Kwa nini katriji iliyojaa pomoni huvuja hata pasipo safari?

Anayeweza kuyajibu maswali haya ameelewa kanieneo. Na usiku wa kuamkia mtihani, karatasi zake zitatoka safi.