Bujia iliyo chini ya shimo

Ndugu mtumikaji, kubadilisha bujia si kazi ngeni kwako. Unazima moteri, unavuta waya, unazungusha kle, unatoa ya zamani, unatia mpya. Kwenye Land Rover za zamani za esanse ni hivyo kabisa: bujia nne zimejipanga ubavuni mwa moteri, macho yanaziona. Lakini kuna motokari ambazo bujia zake zimefichwa, na mkono unapaswa kufanya kazi bila jicho. Juu ya hizo ndiyo tunataka kusema leo, kwa sababu hapo ndipo watu wanaunguza vidole na kuharibu moteri siku ya mapumziko, nyumbani, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kazi wa kuwakumbusha usalama.

Chukua Peugeot 404 na ndugu yake 504, iliyotoka mwaka 1968. Ni motokari za nguvu. 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Lakini bujia zake zinakaa ndani ya mashimo marefu, na juu ya kila bujia kuna kirefusho cha bakelite kinachopeleka moto chini. Huoni bujia yenyewe. Kwenye Volkswagen Coccinelle taabu ni nyingine: moteri iko nyuma, imefunikwa na mabati, na bujia ya silinda ya tatu imejificha mbele upande wa kushoto, mahali ambapo kiganja kinapita kwa shida.

Sasa sikiliza neno kubwa la somo hili. Kulasi ya moteri hizi ni ya aluminiamu. Bujia ni ya chuma. Chuma kikilazimishwa upande, aluminiamu ndiyo inayokatika. Meno ya visi yakishaliwa, bujia haishiki tena. Itashika leo, itashika kesho, halafu siku moja katikati ya njia ya Mongbwalu itaruka kutoka shimoni kwa mlio kama wa bunduki. Katika nchi yetu ya Ituri hakuna anayecheka akisikia mlio kama huo. Wewe utabaki kando ya barabara, jua linazama, na mgonjwa au watoto wako ndani. Kutengeneza meno hayo kunawezekana: fundi anatoboa shimo upya na kuingiza meno mengine ya chuma. Lakini mara nyingi ni lazima kufungua kulasi yote ili vumbi la aluminiamu lisianguke ndani ya silinda, na bei yake inapita sana bei ya bujia nne.

Basi, kwanza acha moteri ipoe. Si kupoa kwa dakika kumi wakati wa kunywa chai. Ipoe mpaka uweze kulaza mkono wazi juu ya kulasi bila kuutoa. Bujia ikitolewa kwenye aluminiamu ya moto inaweza kutoka pamoja na meno. Kifuniko cha radiateri usikiguse moteri ikiwa moto. Maji yake yanaruka usoni. Kisha toa waya wa batri, ule wa alama ya kutoa. Kazini unakata umeme kabla ya kugusa mashine. Nyumbani sheria ni ile ile.

Usivute nyaya zote kwa mara moja. Fanya silinda moja, imalize, ndipo uende kwa nyingine. Kwenye Peugeot silinda ya kwanza ni ile ya upande wa gia, si ya upande wa radiateri, na moto unakwenda 1-3-4-2. Wengi wamechanganya hapo, wakadhani bujia mpya ni mbaya. Kirefusho kivute wima ukikizungusha kidogo. Usivute waya, utakatika ndani.

Kabla ya kle kuingia, safisha shimo. Tunajua barabara zetu: wakati wa jua vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sanduku la nguo. Shimo la bujia linakusanya vumbi hilo, na ukifungua bujia, yote yanaanguka ndani ya silinda na kusugua kuta zake kama msasa. Tumia pampu ya matairi na tiyo nyembamba. Usipulize kwa mdomo ukiwa umeinamia shimo, maana mchanga utarudi machoni mwako. Vaa miwani yako ya kazi. Mama, kama unaona baba anainama juu ya moteri bila miwani, mpelekee. Na watoto wakae mbali. Ukikuta mafuta ya moteri yamejaa shimoni, mipira ya kuziba imechoka: utafute mingine.

Sasa fungua polepole, na uhesabu mizunguko. Watu wengi hawafanyi jambo hili, nasi tunaliona kuwa lenye faida kuliko yote. Bujia ya kawaida ya milimita 14 inapanda milimita 1,25 kwa kila mzunguko. Yenye meno mafupi ya milimita 12,7, kama ya Coccinelle, inatoka kwa mizunguko karibu kumi. Yenye meno marefu ya milimita 19, karibu kumi na mitano. Hesabu uliyopata wakati wa kutoa ndiyo utakayoidai wakati wa kurudisha. Ikiwa ngumu, usiongeze bomba kwenye kle. Tia matone machache ya mafuta mepesi, ngoja, rudisha kidogo, endelea kidogo.

Iangalie bujia iliyotoka. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeupe na kuungua, moteri inapata joto mno. Yenye mafuta mabichi, segmenti au valvu zimechoka. Nyeusi kavu kama masizi, esanse ni nyingi kuliko hewa, angalia filta. Kumbuka pia kwamba Bunia iko juu, zaidi ya mita 1.200, hewa ni nyepesi, na karbirateri iliyopangwa kwa mji wa pwani itatoa masizi hapa bila kuwa na ugonjwa wowote.

Unaponunua mpya sokoni, usiridhike kwamba inaingia. Linganisha urefu wa meno na ile ya zamani. Ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni. Nafasi ya moto, kwa moteri nyingi za wakati ule, ni kati ya milimita 0,6 na 0,7. Kitabu cha motokari yako ndicho kinachoamua.

Kwa kurudisha, weka kle chini. Chukua kipande cha tiyo ya mpira ya esanse, urefu wa mkono, kinachobana kichwa cha bujia. Ishushe shimoni kwa tiyo hiyo. Kwanza zungusha nyuma, upande wa kufungua, mpaka usikie imeshuka kidogo: meno yamekutana. Ndipo zungusha mbele kwa vidole viwili. Ikiingia upande, tiyo itateleza yenyewe, haina nguvu ya kukata aluminiamu. Kle haina huruma hiyo. Ukikwama kwenye mzunguko wa pili wakati ulihesabu kumi na mitano, toa, anza tena, hata mara tano.

Ikifika mwisho kwa vidole, ndipo kle. Yenye rondeli mpya, nusu mzunguko. Rondeli iliyokwisha kutumika, robo au chini ya hapo. Bujia ya kiti cha mviringo uliochongoka, isiyo na rondeli, inataka kidogo sana, sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko.

Usijaribu moto wa bujia kwa kushika waya mkononi. Ni maelfu ya volti. Hata usipoumia nao, mkono utaruka ndani ya feni. Tena shimo lililo wazi linatoa mvuke wa esanse, na cheche moja inatosha. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe bujia kwa esanse karibu na jiko la makala. Na ukiwasha moteri, milango ya garaji iwe wazi, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akidhani ana usingizi.

Kipande cha tiyo kiweke ndani ya motokari, pamoja na kle na bujia moja nzima.